Kokoto za reli ya modeli: nitumie nini ili ifanane na njia yetu ya Tororo–Jinja?

BehewaLaMiwa (Jinja)

Salaam wakuu. Najenga reli ndogo ya modeli juu ya plaiwudi ya mita 1.8 kwa sentimita 60, imefungwa ukutani sebuleni kwa mkataba mgumu na mke wangu kwamba mchanga na gundi havivuki mlango wa jikoni. Reli ni zile za kupinda, upana kati ya reli mbili ni milimita 9. Niliachiwa na mjomba aliyerudi kutoka Uingereza, pamoja na injini moja ya dizeli na mabehewa ya mizigo.

Ninachotaka ni kipande cha njia yetu kati ya Tororo na Jinja, tuseme pale jirani na Iganga: stesheni ndogo yenye njia ya kupishana, kivuko cha barabara ya murramu, miwa upande mmoja. Dizeli, si mvuke. Njia ilivyo siku hizi.

Nimekwama kwenye kokoto, yale mawe ya chini ya reli. Za dukani lazima ziagizwe nje, kifuko kidogo, na picha zote ninazoziona ni kijivu kitupu. Hapa Jinja mchanga wa ziwa uko kila mahali. Nimeuchekecha kidogo kwa chujio la chai nikaumwaga katikati ya reli bila gundi, niangalie tu. Ukubwa naona unakaribia, lakini kuna kitu hakikai. Unameremeta, na ukigusa ubao chembe zinajiviringia zenyewe. Wenye uzoefu mnisaidie: niendelee na mchanga, niagize za dukani, au kuna kitu kingine hapa hapa Uganda? Na rangi ni ipi hasa?

YadiYaKisumu

Agiza tu ndugu, usijitese. Mimi natumia zile zinazosagwa kutoka maganda ya jozi (kokwa za walnut). Ni nyepesi, rangi ziko nyingi, unamwaga unagundisha, umemaliza. Maisha ni mafupi kukaa unachekecha mawe.

MzeeTaruma (Tororo)

Mwanangu wa Jinja, weka chujio pembeni, chukua rula kwanza.

Mjomba wako katoka Uingereza, kwa hiyo injini yake ni ya skeli ya 1:148, yaani ndogo mara 148 kuliko ya kweli. Ulaya bara na Marekani wanatumia 1:160 juu ya reli hizo hizo za milimita 9. Sasa piga hesabu. 9 mara 160 ni 1440, yaani ile reli pana ya milimita 1435 waliyofungua Wakenya Mombasa–Nairobi mwaka 2017, na ambayo sisi bado tunaingoja kutoka Malaba. 9 mara 148 ni 1332, ambayo si ya mtu yeyote. Njia yetu ni ya mita moja, milimita 1000. Skeli inayoikaribia kwa reli ulizonazo ni 1:120, maana 9 mara 120 ni 1080. Hizo milimita 80 za ziada hakuna mgeni atakayeziona akiwa na kikombe cha chai mkononi. Kama injini hiyo ya Kiingereza haifanani na za kwetu, na haifanani, mwili wake utautengeneza upya kwa karatasi za plastiki na kubakiza magurudumu na mota. Amua hilo kabla ya jambo lingine lolote, kwa sababu jiwe linafuata skeli.

Mimi nimekula mkate wa gangi ya njia, kundi la watengeneza reli, hapa Tororo mpaka nikastaafu, kwa hiyo kokoto nazijua kwa mgongo, si kwa picha. Jiwe la reli ni la kupasuliwa, lina pembe kali, na kwa kawaida ukubwa wake ni kati ya milimita 25 na 60. Gawanya kwa 120: unapata milimita 0.2 hadi 0.5. Ukibaki na 1:148 ni ndogo zaidi, kubwa kabisa haifiki hata nusu milimita. Hapo ndipo reli nyingi za modeli zinapoharibika. Mtu anamwaga chembe za milimita moja, na milimita moja kwa skeli yako ni jiwe la sentimita 12. Hebu fikiria gangi nzima inashindilia mawe ya sentimita 12 chini ya taruma, lile gogo au bamba linalolala chini ya reli. Tungeacha kazi.

Mchanga wa ziwa uache. Maji yameuviringisha miaka na miaka, umebaki duara na mwingi wake ni kwazi (madini yanayofanana na kioo) inayopitisha mwanga. Ndiyo maana unameremeta na kutembea. Hata kwenye njia halisi mawe ya mviringo hayafai. Kokoto inashika taruma kwa sababu pembe zinaumana, na mvua ikinyesha maji yanapita katikati ya mawe badala ya kukaa. Jicho la binadamu linalijua hilo hata kama mwenye jicho hajawahi kufikiria mambo ya reli.

Unachohitaji hukinunui dukani. Nenda mahali wanapogonga kokoto kwa nyundo kando ya barabara. Usiangalie marundo ya kuuza, angalia chini, pale mgongaji anapokaa. Kuna vumbi lenye chembe ndogo ndogo lililobaki baada ya mawe kupasuka, na hakuna anayelitaka. Kila chembe ina pembe kama jiwe lililoizaa, na ni jiwe lile lile linalomwagwa njiani. Jaza kopo moja, mpe mama wa watu kitu kidogo, usichukue bure kwa sababu umeona ni taka. Kopo moja linatosha ubao wako na kubaki. Lile vumbi la mashine wanalotumia kufyatulia matofali pia linafaa, ila lina unga mwingi zaidi.

Sasa chujio. Yako inapitisha nini? Iweke juu ya rula, hesabu matundu ndani ya sentimita moja. Ukipata kama 14, ukitoa unene wa waya, tundu linabaki karibu nusu milimita, na hilo ndilo chujio lako la juu. Kinachobaki juu yake usitupe, kitakuwa mawe ya kando ya mfereji. Kilichopita, kitie kwenye soksi ndefu ya nailoni ya akina mama, ukung'ute unga utoke. Kinachobaki ndani ya soksi ndiyo kokoto yako. Halafu ioshe kwenye beseni, maji baada ya maji, mpaka yawe meupe, uianike juani. Usiruke kuosha. Unga ukibaki na ukakutana na gundi, unapata zege, na njia nzima itaonekana imesakafiwa.

YadiYaKisumu, sigombani na wewe, lakini maganda ya jozi ni mepesi mno. Ukidondosha gundi yanaelea, yanapanda juu ya taruma na kuganda huko huko. Jiwe linakaa ulipoliweka.

YadiYaKisumu

Mzee hapo umenigusa. Ni kweli yanaelea. Mimi huwa nanyunyizia spiriti kwanza halafu gundi, yanatulia kiasi. Kiasi tu.

BehewaLaMiwa (Jinja)

Mzee wangu, asante sana. Nimepima chujio, ni matundu 10 kwa sentimita, kumbe nilikuwa napitisha matofali. Kuhusu skeli nakubali, 1:120, mwili wa injini nitauchonga upya. Ile dizeli ya Kiingereza mke wangu mwenyewe alisema inafanana na friji.

Lakini rangi hujanijibu. Mawe ya machimbo ya huku ni ya kijivu, mengine kijivu cheusi. Nimwage kijivu tu? Na mataruma ya reli hizi ni ya plastiki nyeusi, mfano wa mbao, yamebanana sana.

MzeeTaruma (Tororo)

Rangi nilikuwa naijia, nilikatishwa na chakula.

Kijivu kitupu, safi kama mchele uliochambuliwa, utakiona sehemu moja tu: pale kokoto zilipomwagwa jana. Ukijenga ubao mzima hivyo umejenga njia isiyo ya nchi hii. Kokoto zikishakaa, chuma cha breki na kutu ya reli vinazipaka hudhurungi, na hudhurungi hiyo inakuwa nzito zaidi karibu na reli kuliko pembeni. Hiyo ni ya kila nchi. Ya kwetu inaongezwa na udongo. Mvua ya Busoga, huko Jinja na Iganga, inashusha udongo mwekundu kutoka kwenye kingo, watu wanavuka na baiskeli na ng'ombe, boda boda zinakata njia mahali pasipo kivuko, na taratibu udongo unapanda kutoka chini na kujaza nafasi kati ya mawe. Ukipita kwa miguu utakuta sehemu kokoto zinaonekana vizuri, hatua chache mbele zimemezwa nusu, mbele zaidi ni udongo mtupu na nyasi, na reli mbili tu ndizo zinazokuonyesha kwamba hapa treni hupita. Hiyo ndiyo njia unayoijenga. Kokoto ya modeli ya Uganda ni kujua mahali pa kuziacha zikosekane.

Kwa hiyo usimwage kila mahali sawasawa. Chukua udongo wa murramu, uchekeche kwa soksi hiyo hiyo, uukaange kwenye sufuria kuukuu ili mayai ya wadudu na mbegu vife (jikoni kwa mkataba wako sijui, tafuta jiko la makaa uani). Kwenye mabega ya tuta, weka murramu kwanza na kokoto juu yake kidogo. Kwenye kivuko na hatua kadhaa kila upande, geuza: kokoto chini, murramu juu, mpaka taruma lisionekane. Kati ya sehemu hizo mbili changanya kwa jicho. Kama ungekuwa unajenga Namuwongo kule Kampala, ningekwambia udongo mweusi na maganda ya ndizi hadi kwenye reli. Na njia ya Kasese, iliyofika huko 1956 kwa ajili ya shaba ya Kilembe na sasa haina treni, ungetumia nyasi badala ya kokoto na kazi ingeisha mchana mmoja.

Mataruma sasa. Njia yetu ya zamani ni ya mataruma ya chuma, si mbao. Taruma la chuma ni bamba lililokunjwa, limepinduliwa chini juu, na ncha zake zimeinamishwa kuingia ndani ya kokoto. Unachoona kwa juu ni mgongo mwembamba wenye kutu, na ncha hazionekani kabisa. Hii ni bahati kwako. Kata vile viunganishi vya plastiki chini ya reli kwa wembe, sogeza mataruma yaachane. Kwenye njia halisi yanaachana kama sentimita 70 kutoka katikati hadi katikati, kwako ni karibu milimita 6. Yapake hudhurungi ya kutu pamoja na ubavu wa reli, kabla ya kumwaga jiwe lolote. Kisha ncha zote zizike. Ukizika ncha, hakuna atakayejua lilikuwa taruma la mbao la Mwingereza.

NyayaNyekundu (Mbale)

Naomba nichomekee neno kabla hujagundisha. Mimi ni fundi wa redio na mota ndogo ndogo ni chakula changu. Pitisha sumaku kwenye kokoto zako zote, na kwenye murramu hasa. Huku kwetu chini ya Mlima Elgon mawe mengi ni ya volkano na yana chembe nyeusi zinazoruka kwenye sumaku. Murramu nao una chuma. Mota ya injini yako ina sumaku ndani na inatembea milimita chache juu ya njia. Chembe moja ikiachia gundi itavutwa hadi ndani, itakwangua, na utaniletea mimi.

Toa sumaku kwenye spika iliyokufa, ifunge ndani ya kaveera (mfuko wa plastiki), ipitishe polepole juu ya chembe ulizotandaza kwenye gazeti. Zikishika, peleka pembeni, chomoa sumaku kutoka ndani ya kaveera, zote zinaanguka. Bila kaveera utakesha ukizikwangua kwa kucha. Rudia mpaka isishike kitu.

MzeeTaruma (Tororo)

Dada wa Mbale amesema jambo la maana ambalo mimi nisingelifikiria. Sisi sumaku yetu ilikuwa uzito wa behewa lililojaa mzigo.

GundiNaSpiriti (Morogoro)

Shikamoo Mzee Taruma. Habari zenu wana Uganda. Sisi huku tuna zote mbili, ya mita moja na ya kisasa, kwa hiyo nimejenga zote na gundi naifahamu.

Ndugu wa Jinja, kazi yote ni kabla ya gundi. Mwaga kokoto kidogo kidogo kwa kijiko katikati ya reli, zisambaze kwa brashi laini, halafu gonga reli taratibu kwa mpini wa brashi. Chembe zilizokaa juu ya mataruma zitaruka na kushuka zenyewe kwenye nafasi. Usizijaze mpaka usawa wa juu wa taruma, ziache chini kidogo. Angalia ndani ya reli pia, pale ukingo wa gurudumu unapopita. Chembe moja ikiganda hapo, behewa linapiga chafya kila likifika. Ukiridhika, inama uangalie kwa macho yaliyo usawa wa ubao, siyo kutoka juu. Kutoka juu kila kitu ni kizuri.

Halafu lowesha. Maji yenye tone la sabuni ya kuoshea vyombo, kwenye chupa ya kupulizia, ukipuliza juu hewani ili matone yashuke kama ukungu. Ukilenga chini utapasua mashimo. Gundi nyeupe ya mbao nusu kwa nusu na maji, tone la sabuni na humo, idondoshe kwa sirinji bila sindano. Utaiona inakimbia yenyewe kati ya mawe. Isipokimbia na ikakaa juu kama shanga, hujalowesha vya kutosha. Acha ilale mpaka kesho yake, usishike.

Na rangi: jiwe likishikwa na gundi linakuwa jeusi zaidi kuliko lilivyokuwa kavu, mengine kidogo, mengine sana. Gundisha kipande cha majaribio kwenye kibao, kikauke kabisa, kipeleke nje mchana ndipo uamue. Taa ya sebuleni inadanganya wekundu.

BehewaLaMiwa (Jinja)

Nimewaelewa wote. Kesho asubuhi nazungukia wagonga mawe na kopo langu. Mzee, mawili ya mwisho: tuta nilipandishe kiasi gani, na kwenye swichi (pale njia zinapogawanyika) za njia ya kupishana nifanyeje? Naogopa gundi izishike zisisogee tena. Halafu nimesoma Waingereza wanaweka majivu ya makaa kwenye stesheni badala ya kokoto. Nasi tuweke?

MzeeTaruma (Tororo)

Majivu ni ya Waingereza, waachie. Hata ungejenga enzi za mvuke, Garratt zetu, zile injini kubwa za mvuke za miaka ya 1950, zilichoma mafuta mazito, si makaa ya mawe. Alama yake stesheni ni doa jeusi la mafuta, na dizeli imelirithi. Chukua rangi nyeusi iliyochujuka sana, changanya na hudhurungi kidogo, idondoshe katikati ya reli mahali ambapo injini husimama kungoja mwenzake apite. Si njia nzima, ni urefu wa injini moja na nusu tu, kila mwisho wa njia ya kupishana. Katikati, palipo na mabehewa, pabaki pakavu.

Tuta: njia kuu inyanyue milimita 2 kwa sponji ya ndala kuukuu, ukate ukingo kwa mshazari ili bega lishuke lenyewe. Njia ya kupishana iweke chini ya hapo, milimita 1 inatosha, na kokoto zake ziwe chache na chafu zaidi. Njia kuu ndiyo hupewa kokoto mpya, nyingine hupewa mabaki. Mtu akiingia sebuleni ataijua njia kuu ni ipi hata kama hakuna treni.

Swichi: chini ya ndimi, zile reli zenye ncha zinazosogea, usiweke jiwe kabisa. Paka rangi ya udongo kwenye ubao hapo kabla ya kulaza swichi, basi. Zunguka pembeni na chembe chache ulizozipanga kwa ncha ya kijiti, gundi tone moja moja, na kwenye maungio ya ndimi paka mafuta ya cherehani kwanza ili gundi isishike. Wakati inakauka, sogeza ndimi mara kwa mara kwa kidole. Hata kwenye njia halisi swichi ndiyo tuliyoisafisha kokoto kila siku, jiwe dogo tu likibanwa pale ulimi haufungi.

Picha utume kabla hujapanda nyasi. Nyasi zikishaota sitaweza kukukosoa.